Shafti Mbili za Chuma Kimoja

Vijana wangu,

Wiki chache zilizopita wawili wenu walinijia hapa nyumbani, Mombasa, wakiwa na kipande cha shafti ya boti na sumaku waliyoitoa kwenye spika ya redio. Waliiweka sumaku juu ya chuma, ikateleza ikaanguka, nao wakanitazama kwa furaha ya watu waliokwisha kulijua jibu. "Mzee, hii ni stenlesi ya nikeli," akasema mmoja. "Haishiki kutu maisha." Nikawauliza ni nani aliyewaambia. Wakajibu: watu wanasema.

Niliwaambia chai itakuja watakaponitajia majina ya hao watu. Hawakuweza kumtaja hata mmoja. Mke wangu, ambaye hakubaliani na namna yangu ya kufundisha, aliwaletea chai kwa mlango wa nyuma. Nyinyi wengine mtaninywea chai baada ya kusoma waraka huu hadi mwisho.

Sumaku husema kweli kuhusu jambo moja tu: namna chembe za chuma zilivyojipanga ndani. Nikeli ikiwa ya kutosha, chembe hujipanga kwa namna isiyovutwa na sumaku. Kama chuma hicho kitadumu katika maji ya chumvi au hakitadumu, sumaku haijui. Mimi ninajua, na ujuzi wangu niliupata kwa bolti nane, shafti mbili na shemeji mmoja mbishi.

Nianze na bolti, kwa sababu kosa lile lilikuwa langu peke yangu.

Nilipoajiriwa katika ghala la barafu la samaki pale bandarini Kismayo, Somalia, mkuu wa mitambo alikuwa Injinia Haji, mtu mwembamba aliyesoma ng'ambo na kurudi na masanduku mawili ya vitabu bila subira hata ya kujaza kiganja. Aliniamuru nifunge kifuniko cha pampu ya maji ya bahari kwa bolti mpya, za chuma chenye nikeli. Watu wa gatini waliniambia kwamba bolti ya baharini hupakwa mafuta mazito na kuzongwa uzi wa kitani chini ya kichwa, ili maji yasiiguse. Nikafanya hivyo kwa bolti zote nane, tena kwa ustadi. Baada ya miezi kadhaa kifuniko kiliruka. Chumba cha mitambo kilijaa maji hadi magotini.

Injinia Haji hakupaza sauti. Aliokota bolti moja iliyokatika, akaipangusa, akanipa pamoja na sindano ya kushonea nguo.

"Tafuta tundu," akasema.

Bolti ilikuwa inang'aa kila mahali ila pale nilipoizonga uzi. Pale palikuwa na kidoa kimoja cha kahawia, kidogo kuliko chembe ya mtama. Sindano ilizama ndani yake hadi katikati.

"Nani aliyekufundisha kuizonga?"

"Watu wa gatini, Injinia."

"Waite, basi, waje wateke maji."

Niliyateka peke yangu hadi adhuhuri ikapita. Ndipo akanipa maelezo, akikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nami ninawapa kama nilivyoyapokea na kuyahakiki baadaye. Chuma hiki hakikingwi na unene wake wala mng'ao wake. Hukingwa na ngozi nyembamba isiyoonekana, ambayo kromi iliyomo ndani huifanya kwa kuvuta hewa iliyoyeyuka majini. Nikeli hukipa chuma ukakamavu na huisaidia ngozi hiyo isivunjike upesi. Ikikwaruzwa, hujiponya yenyewe, maadamu maji mapya yanapita na kuileta hewa. Ukikifunika, kwa uzi, kwa matope, kwa makombe ya baharini au kwa mafuta, maji machache hubaki yamenaswa chini ya kifuniko hicho. Hewa yake huisha. Ngozi hufa, chumvi huingia kazini, na tundu huchimbwa kuelekea moyoni mwa chuma huku uso wote uliobaki uking'aa kama sahani ya bi harusi. Chuma cha kawaida kikiliwa hukuonya kwa kubambuka. Hiki hakikuonyi.

"Unaniamini?" akaniuliza alipomaliza.

"Ninakuamini, Injinia."

"Vibaya. Kapime."

Ndivyo nilivyoanza kutundika vipande vya chuma chini ya gati. Nilitengeneza fremu ya mbao ngumu, nikaning'iniza humo chuma cheusi, chuma kilichopakwa zinki, shaba, na aina tatu za chuma chenye nikeli. Baadhi niliviacha uchi, baadhi nikavifunga kamba, baadhi nikavizika katika matope ya chini. Kila Alhamisi nilivitoa, nikavisugua, nikavipima uzito. Wachukuzi waliniita Mchunga Misumari. Niliwapungia mkono, nikaendelea. Daftari langu lilipojaa, maneno ya Injinia Haji yalikuwa yamekwisha kuwa yangu.

Ghala lilikuwa na boti ya injini ya kukusanyia samaki visiwani. Siku moja ziliagizwa shafti mbili kwa ajili yake, zilizokatwa kutoka nondo moja ndefu: chuma kimoja chenye nikeli na kromi, na molibdeni kidogo inayokiongezea uwezo wa kuhimili chumvi. Moja tuliifunga botini. Ya pili ingewekwa stoo, lakini niliomba niitundike majini kwa ncha yake, uchi, mahali penye mkondo. Injinia Haji alikubali kwa kutikisa kichwa mara moja, na kwake hiyo ilikuwa sherehe.

Baadaye boti ile iliuzwa, na aliyeinunua alikuwa Bakari wa Chula, kisiwa cha kusini mwa Kismayo, kaka wa mke wangu. Bakari alikuwa nahodha hodari, mcheshi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya kisiwa na Kibajuni chake cha kuwaita watu "wachu". Nilipomkabidhi nilimwonyesha shafti nikamwambia sentensi moja: "Hii haishiki kutu, shemeji. Iache kama ilivyo."

Ikumbukeni sentensi hiyo. Nitairudia.

Lazima mjue desturi ya deheni, nyinyi mliozaliwa kwenye boti za plastiki. Sisi Wabajuni chombo chetu hupandishwa pwani maji yakiwa ya bamvua, yanapojaa na kutoka sana, kikasuguliwa, kikapakwa deheni tumboni: shahamu iliyopondwa na chokaa hadi ikawa kama ugali laini. Huifukuza minyoo inayotoboa mbao. Hupakwa kwa viganja, na siku hiyo majirani wote huja, wali hupikwa, na kila apitaye huchungulia chini ya chombo kuona kama pameachwa mahali. Mwenye chombo kilichoachwa pengo husemwa kisiwa kizima. Kwa mbao, deheni ni dawa kamili, na sina neno dhidi yake.

Sasa niende kwenye mwaka ule serikali ilipoanguka. Kismayo ilitekwa, ikatekwa tena, na kila aliyeiteka alianza na maghala. Ghala letu liling'olewa mashine, kisha milango, kisha bawaba za milango. Injinia Haji alikuwa amekwisha kufariki kwa maradhi, na siku ile nilimshukuru Mungu kwamba hakuyaona. Nilikwenda chini ya gati maji yalipotoka. Fremu yangu ilikuwa imevunjwa kuni. Shafti peke yake ndiyo iliyobaki, imening'inia ndani zaidi, mahali ambapo mwizi angelazimika kulowana. Niliitoa, nikaipangusa kwa kanzu yangu, nikaichunguza kutoka ncha hadi ncha. Nikaenda nayo nyumbani begani.

"Wenzio wamebeba magodoro," akasema mke wangu, binti yetu Fatuma akiwa mgongoni. "Wewe umebeba mtaimbo. Tutaulalia?"

"Haina doa hata moja."

"Nimekuuliza habari za kulala, Baba Fatuma, unanijibu habari za doa."

Tulifika Chula baada ya siku mbili, shafti imefungwa ndani ya mkeka. Watu wapatao arobaini walikuwa wakimsubiri Bakari awavushe hadi Kenya. Boti alikuwa ameificha miezi mingi ndani ya kijito, katikati ya mikoko, na rafadha yake, pangaboi linalozungushwa na shafti, ameifukia mchangani ili waporaji wakiipata boti wasiweze kuiendesha. Alinikumbatia, akautazama mkeka, akacheka.

"Shemeji amemleta maiti wake wa Kismayo."

Nikamwomba nione shafti iliyomo botini. Akanipeleka asubuhi maji yalipotoka, anatembea mbele yangu kwa fahari. Nilipoinama chini ya tezi, nyuma ya boti, sikuiona shafti. Niliona kitu kinene kama paja, cheupe. Alikuwa ameizonga kamba ya katani kutoka kwenye bomba inamopita kutokea botini hadi mwisho, na juu ya kamba amepaka deheni tabaka juu ya tabaka.

"Nani aliyekuambia uifanye hivi?"

"Haihitaji kuambiwa. Kila mwaka naipaka. Nitaachaje kitu cha chombo changu uchi, wachu wakichungulia?"

"Nilikuambia uiache."

"Uliniambia haishiki kutu. Nikasema, basi na nikiitunza itadumu maradufu."

Niliikata kamba kwa kisu na kuiosha shafti. Ilimetameta. Bakari akafungua mikono kama mtu aliyeshinda kesi. Nikaomba sindano. Katika urefu wa shubiri moja tu, karibu na pale rafadha inapokaa, sindano ilizama mara kumi na moja. Matundu peke yake hayakunitosha kutoa hukumu, kwani shafti yenye matundu huweza kufanya kazi muda mrefu. Nilichokiogopa ni ufa unaoanzia ndani ya tundu. Ufa huo jicho halioni.

Hapa shikeni kalamu. Niliifunga shafti kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa, nikakiacha kwa saa nzima. Nikaipangusa hadi ikakauka kabisa. Kisha nikachukua chokaa ileile ya deheni, kavu, nikaipaka kwa vidole kama poda. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hurudi juu taratibu na kuilowesha chokaa. Tulingoja. Kwanza yalitokea madoa. Kisha madoa yakaunganishwa na mstari mwembamba wa rangi ya majivu uliozunguka zaidi ya nusu ya shafti.

Bakari aliufuta kwa kidole. Nikapaka chokaa upya. Mstari ukarudi palepale. Wakati huo maji yalikuwa yameanza kurudi miguuni mwetu, na kazi yoyote nyingine ingelazimika kungoja maji ya kesho.

Tulipopanda pwani tulikuta maneno. Mmoja alisema wenye bunduki wako njiani. Mwingine akasema wamezama. Wa tatu akasema wako Chovai, kisiwa jirani, mia nzima. Nilimuuliza kila mmoja kama aliwaona kwa macho yake, na kila mmoja alinitajia mwingine. Nilikuwa karibu kuyatupa yote baharini ndipo alipofika Bi Mwanaisha kutoka kisiwa cha Koyama, kaskazini, mwanamke mtu mzima, kwa mtumbwi wa kupiga kafi, yeye na mpwa wake.

"Uliwaona mwenyewe, Bi?"

"Niliwaona jana adhuhuri. Walikuwa tisa. Wamechukua injini zote." Akaliweka kafi chini. "Mmoja amevaa viatu vya mume wangu."

Nilimsaidia kuuvuta mtumbwi mchangani.

Sasa jambo lilikuwa hili, na kila mtu alilijua. Maji ya alasiri yangetosha kuitoa boti kijitoni siku ileile, kwa shafti yenye ufa. Au tungengoja usiku na asubuhi, tuibadilishe maji yakitoka, tuondoke alasiri ya pili. Watu wote walitaka kuondoka. Shafti ilikuwa inang'aa, walisema. Ni ya nikeli. Hata fundi mwenyewe alisema haishiki kutu. Walinirudishia sentensi yangu mdomoni.

Nilimwambia Bakari: "Mlango wa mwamba, wa kutokea bahari kuu, utaupita kwa nguvu zote za injini. Pale ndipo itakapokatika. Rafadha itazama, na mawimbi yatatutupa juu ya mawe."

"Na tukingoja wakaja wale?"

"Nitakuwa nimewaua watu arobaini kwa ubishi."

Bakari alipangusa chokaa iliyobaki kidoleni. Kisha akawageukia watu. "Chombo ni changu," akasema. "Tunangoja. Atakayetaka kuogelea, bahari ile pale."

Asubuhi tuliingia matopeni mapema kuliko maji yalivyotoka. Tuliichomoa shafti ya zamani, tukamfungua maiti wa Kismayo kutoka mkekani. Ilikuwa pacha wake, hata alama ya fundi aliyeikata ilikuwa ileile. Lakini rafadha, kwa kukaa miaka mingi na shafti nyingine, ilikuwa imezoea mwenzake. Ncha ya shafti ina umbo la kuchongoka, na lazima rafadha iikumbatie pande zote. Nilimwita mke wangu aniletee masizi ya sufuria. Nikayachanganya na mafuta, nikaipaka ncha, nikaivisha rafadha, nikaivua. Palipogusana palikuwa pamesafishika, na hapo niliparekebisha kwa tupa. Nikapaka tena.

"Sufuria yangu nayo imeajiriwa," akasema mke wangu, anaitazama njia ya kaskazini.

Mara ya nne masizi yalifutika sawasawa pande zote. Nati ilipokazwa, maji yalikuwa mapajani. Bakari alitaka kuikaza paking'i ya bomba, ile kamba ya kuzibia maji, isipitishe hata tone. Nilimzuia. Paking'i ya shafti iachwe idondoshe kidogo, kwa sababu tone ni maji mapya, na maji mapya ndiyo uhai wa ngozi ile. Safari hii nilimwambia na sababu.

Tuliondoka alasiri. Kwenye mlango wa mwamba wimbi lilitusimamisha kabisa, boti ikabaki inatetemeka mahali pamoja na mawe yako upande wa kushoto, karibu kiasi cha kuyahesabu. Bakari aliifungua injini hadi mwisho. Nilikuwa nimekaa juu ya ubao unaofunika shafti, kiganja juu ya bomba, na Bi Mwanaisha kando yangu anasoma Yaasini kwa sauti ya chini. Niliisikia ikibeba mzigo wote ule bila kigugumizi, laini, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye hariri. Tukatoka.

Nilitazama nyuma. Boti mbili za injini zilikuwa zinaelekea bandari ya Chula kutoka kaskazini. Ni nani waliokuwamo, siwezi kutoa ushahidi. Nilichokiona ni boti mbili.

Tulipita Kiunga, tukapita Lamu, tukashuka Mombasa. Tulihesabiwa. Hakukosekana mtu.

Nilikuwa nimeileta pia shafti ya zamani, jambo lililomchukiza kila aliyeikalia. Siku ya tatu Bakari alinijia nayo begani. "Shemeji," akasema, "nilikaa siku nzima na wachu wote wale, nikangoja kifo, kwa sababu ya mstari wa chokaa. Nataka kujua." Nikamwambia ana haki, na kwamba hata mimi nataka kujua, kwani mtu kuokoka hakumaanishi kwamba alikuwa hatarini. Tuliilaza juu ya mawe mawili katika uwanja wa mafundi wa boti. Nikampa nyundo yeye, nisije nikasemwa kwamba nilipiga nilipopataka.

Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili, ikakatika, palepale pa mstari.

Bakari aliokota kipande akakigeuza juani. Uso wa mkatiko ulikuwa karibu wote mweusi na wa kahawia, kutu ya siku nyingi. Chuma kizima kilichokuwa kimebaki kilikuwa kijisehemu chembamba pembeni, cheupe, kimejikunja kama hilali ya siku ya kwanza. Hicho ndicho watu arobaini walichotaka kukitegemea.

Alikaa chini mchangani. Nami nakiri kwamba nilitaka kufurahi, na nikafurahi. Chuma kimoja, nondo moja, miaka ileile, maji yaleyale: kimoja kilichotunzwa kikafa, kimoja kilichoachwa uchi mkondoni kikatuvusha. Daftari langu halikuwahi kuwa na kipimo bora kuliko hicho.

"Ungeniambia sababu," akasema Bakari. "Siku ile, Kismayo. Uliniambia iache, basi. Mimi nitajuaje kwamba inakufa kwa kukosa pumzi?"

Alisema kweli. Mimi niliyewacheka watu wa gatini nilimpa shemeji yangu neno tupu, kama wao walivyonipa mimi, nikategemea alipokee kwa sababu limetoka kwangu. Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya mafundi. Jambo hilo silifanyi mara nyingi, na mke wangu atawathibitishia.

Bakari alipata boti nyingine baadaye, na shafti ile ya Kismayo akaihamishia humo. Mwaka mmoja nilipita pwani siku ya kupaka deheni. Chombo chake kilikuwa juu, kimepakwa vizuri tumboni, na shafti iko uchi, imesuguliwa kwa mchanga, inawaka. Wenye vyombo wengine walikuwa wamekusanyika wanachungulia, na mmoja alimuuliza kwa kejeli kama shahamu imemwishia.

Sikujionyesha. Nilimwona Bakari akifunua gunia na kutoa vipande viwili vya shafti iliyokatika. Alimwekea yule mtu kipande kimoja mkononi, akatoa sindano kwenye ukosi wa shati lake.

"Usiniamini mimi," akasema. "Tafuta tundu."